Shangazi Amesema Salama

Kiberiti bado yuko mlangoni, njiti mkononi.

Najua, najua. Wiki nzima hamkunipa nafasi ya kupumua. Mmoja wenu alinikamata sokoni, mfuko wa nyanya mkono mmoja, kola yangu mkono wa pili: "Wewe mwandishi, amewasha au hajawasha?" Nyumbani nako mke wangu amegoma kunipakulia mpaka aambiwe kabla ya watu wengine. Sikumwambia. Nimelala na njaa yangu kwa ajili yenu, na sitegemei shukrani.

Kwa yule aliyefungia samaki gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, mambo yako hivi. Tupo maabara, asubuhi, ukumbini mbele ya chumba cha majiko. Maabara haikufungwa hata siku moja, kwa sababu wagonjwa hawafungi. Fundi anayebadilisha vitambuzi vya gesi, vile vidude vya ukutani vinavyolia gesi ikivuja, anafanya kazi yake katikati ya watu wanaofanya zao. Ni mwanamke mkavu wa maneno, na kwa kuwa bisibisi haimtoki mfukoni, wamemwita Bisibisi.

Kidude kipya alichokifunga jana kinapiga kelele za kupasua masikio. Kidude cha zamani, kilicho juu ya ukuta huo huo, kimenyamaza. Na Shangazi amesema, "Salama."

Hapo ndipo penye kazi. Katika maabara ile hakuna anayetia mguu chumba chochote asubuhi kabla ya Shangazi. Yeye ndiye mkubwa wa watumishi wote kwa umri. Anafungua mlango, anaingiza kichwa, ananusa kushoto, ananusa kulia, anatamka "Salama," ndipo watu wanaingia. Desturi hiyo ilianza zamani, siku pua yake ilipokamata mtungi unaovuja kabla kidude hakijashtuka. Tangu hapo kidude kikawa pambo na Shangazi akawa kidude. Wakuu wamekuja, wakuu wameondoka, pua imebaki.

Shangazi huyo ndiye mama mkwe wa Bisibisi. Sasa mmenielewa kwa nini nilikata hadithi pale nilipokata.

Njiti ilikuwa imeshagusa ubavu wa kiberiti.

"Usiwashe!"

Bisibisi alimrukia Kiberiti. Njiti ikaanguka, haikuwaka. Akamnyang'anya na kibweta chenyewe, akakitia mfukoni mwa ovaroli, akafunga na kifungo juu.

Kiberiti alimtazama kwa uchungu. Kazi yake ni kuwasha majiko ya maabara, na hajachelewa kuyawasha tangu aajiriwe.

"Hicho ni cha ofisi," akasema.

"Nitakirudisha."

"Lini?"

"Tukibaki hai wa kuhitaji vitu vya ofisi."

"Lakini Shangazi amesema salama!"

"Nimemsikia."

Shangazi alikuwa amesimama pale pale, mkono kwenye kitasa, kidevu juu. Hakumtazama mkwewe. Akasema tena, safari hii kwa kuvuta, "Sa-la-ma."

Kidude kipya hakikujali cheo cha mtu. Kiliendelea kulia.

Ndipo akatokea Bwana Taratibu, mkuu wa maabara. Hakuna aliyemsikia akija, kwa sababu huvaa viatu vya raba ili hata yeye mwenyewe asijisikie. Mtu huyu anachukia kelele kuliko anavyochukia ugonjwa. Kalamu ikianguka ofisini kwake, mwenye kalamu ataitwa.

"Taratibu," akasema. "Taratibu, jamani. Nini hiki?"

"Gesi," akasema Bisibisi.

"Si gesi. Hiyo ni kelele."

Akaenda mpaka kwenye paneli ya taa za vidude iliyoko mwisho wa ukumbi, akabonyeza kitufe. Kimya kikashuka. Akafumba macho kidogo, akafurahi.

"Bwana mkuu, ukizima mlio hapo umezima wa vyumba vyote."

"Vizuri sana."

"Zitabaki taa tu."

"Taa hazina tabu. Taa zina adabu." Akamgeukia. "Sasa fundi, tuhukumu kwa haki. Cha zamani kinasema hakuna gesi. Shangazi anasema hakuna gesi. Chako peke yake ndicho kinachosema ipo. Wawili kwa mmoja. Tena chako umekifunga huko chini miguuni, kama mtego wa panya."

"Gesi ya jiko ni nzito. Haipandi, inatambaa."

"Na cha zamani kiko juu, na hakijawahi kulia tangu nije hapa."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Usinitishe na methali asubuhi," akasema Bwana Taratibu. "Jana nilikuomba ukitoe kile cha zamani cha chumba cha baridi kwa sababu kinavuma, ukakitoa bila maneno. Leo kimekupata nini?"

Kile kweli Bisibisi alikitoa. Kanuni ya kazi yake ni kwamba cha zamani hakizimwi mpaka kipya kimekamilika, na kipya cha chumba cha baridi bado hakijaunganishwa na feni ya kutoa hewa. Lakini jana ilikuwa jioni, na kubishana na mtu anayenong'ona kunachosha kuliko kubeba mitungi. Alikubali ili aende nyumbani. Wekeni hilo kichwani, msije mkaniuliza baadaye.

"Niache nikionjeshe gesi hiki cha zamani," akasema. "Kikilia, nafunga mkoba wangu."

Alitoa kichupa chake cha kupimia, ambacho ndani yake mna gesi kidogo tu ya kukiamsha kidude. Akapanda kiti kilichokuwa hapo mlangoni, akanyoosha mkono, akakipulizia cha zamani. Kimya. Akapuliza tena. Kimya.

"Kimeshiba," akasema Bwana Taratibu.

Bisibisi akakifungua kifuniko. Akachungulia. Akaingiza vidole viwili, akavuta taratibu, na kitu cheupe kikatoka kikining'inia mbele ya macho ya watu wote.

Glavu ya mpira.

"Nani amekivisha glavu?"

Kiberiti akainua mkono, nusu. "Kilikuwa kinalia kila tukipangusa meza kwa spiriti. Kila siku, we! Nikakivalisha moja tu. Ya mkono wa kushoto, maana ya kulia tunaihitaji."

"Lini?"

"Enzi za mkuu aliyepita."

"Na mimi nilipopokea ofisi," akasema Bwana Taratibu, akijikuna sikio, "nilimtunuku cheti cha mtumishi bora. Kwa mchango wake katika utulivu."

Cheti hicho kimebandikwa hapo hapo ukumbini. Bisibisi alikisoma, akakimaliza, akakunja glavu, akaitia mfukoni pamoja na kiberiti.

Sasa shahidi alikuwa amebaki mmoja. Macho yote yakamgeukia Shangazi.

"Basi tunarudi kwa pua yetu," akasema Bwana Taratibu, na sauti yake ilijaa upendo wa kweli. "Pua haivai glavu. Shangazi, unasemaje?"

Wasomaji wangu wa zamani, mnakumbuka ya Jumapili. Wapya, sikieni, maana bila hili hamtajua kwa nini Bisibisi alitokwa na jasho asubuhi ile ya baridi.

Jumapili Bisibisi alikwenda kwa mama mkwe wake kusalimia. Alikuta moshi mpaka barazani. Jikoni maharage yalikuwa yameungua, sufuria imegeuka mkaa, na kando ya jiko alikuwa ameketi Shangazi, ameipa sufuria mgongo, anachambua mchele huku akiimba. "Karibu mwanangu," akasema, "hebu nitazamie hayo maharage kama yameiva."

Bisibisi alizima jiko. Kisha akamfanyia mama mkwe wake kile anachovifanyia vidude. Alikata kitunguu, akakipitisha chini ya pua yake. Kimya. Akaleta chupa ya mafuta ya taa. Kimya. Shangazi akaacha kuimba.

"Tangu yale mafua makubwa," akasema. "Yaliondoka, yakaondoka nayo."

"Mama, na kazini?"

"Kazini mimi si mtu, mwanangu. Mimi ni pua. Kuna vijana pale hawajui hata jina langu, lakini hawaingii chumbani mpaka niseme. Ikijulikana imekufa, nitabaki nani?" Akamshika mkono. "Usiniaibishe. Niapie."

Bisibisi aliapa. Naye akaomba neno lake: kwamba Shangazi hatasema tena "salama" mpaka waende pamoja kwa daktari. Shangazi akasema sawa. Hapo akaingia mwanawe, mume wa Bisibisi, dereva wa sampuli wa maabara ile ile, anatafuta kofia yake. Huyu bwana kofia huisahau kila anapotua mzigo, na tangu utoto wake mwenye kuiokota ni mama yake. Shangazi alimwokotea, akaipangusa, akamvika. Mazungumzo yakafa hapo.

Leo kiapo kimoja kimevunjwa na cha pili kiko ulimini mwa Bisibisi, kinamchoma. Akisema, anamvua nguo mama mkwe wake mbele ya wafanyakazi wenzake. Asiposema, watu wataingia humo ndani na kuwasha moto.

Shangazi alimtazama, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Macho yalikuwa yanaomba.

"Bwana mkuu," akasema Bisibisi, "Shangazi hana kosa. Gesi hii haina harufu."

"Haina?"

"Hata chembe. Hakuna pua duniani inayoweza kuikamata. Kwa hiyo pua ya Shangazi iko sawa, na kidude changu kiko sawa, na tafadhali tokeni wote nje."

Ulikuwa uongo mtupu. Gesi ya jiko hutiwa harufu makusudi, harufu ya kufukuza hata mbwa, ili ikivuja watu wajue. Lakini ulikuwa uongo mzuri, na kila mtu aliupenda. Bwana Taratibu aliupenda kwa sababu haukuwa na kelele. Shangazi alishusha pumzi. Watu wakasogea mpaka mwisho wa ukumbi.

Bisibisi alifunga koki kubwa ya nje, akaingia, akafungua madirisha, akapiga magoti chini ya meza ndefu. Harufu ilimpiga usoni. Mpira wa gesi ulikuwa umechomoka nusu kwenye bomba, nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna mtu anayeinama. Gesi yote ilikuwa imejilalia chini, kimya, inasubiri njiti ya mtumishi bora.

Alipogeuka aliona viatu vya Shangazi.

"Mama, toka."

"Inanuka?" akauliza Shangazi, kwa sauti ndogo.

"Inanuka, mama."

"Sana?"

"Sana."

"Kama nini?"

"Kama kitunguu kilichooza kwenye gunia."

Shangazi akavuta pumzi kwa nguvu, mara mbili, mdomo umefungwa. Akatikisa kichwa. "Basi hata hicho," akasema. "Hata kitunguu kilichooza nimekikosa."

"Uliniahidi hutasema salama."

"Walikuwa wamesimama wote wananingoja. Mdomo ulisema wenyewe."

Bisibisi alitaka kumkaripia, na alitaka kumkumbatia, na hakupata nafasi ya lolote, kwa sababu kichwa cha Kiberiti kilikuwa kimeshachungulia mlangoni.

"Hee! Mbona inanuka?"

Ulimwengu una watu wa namna hii. Hawana ubaya wowote.

"Tena," akaendelea, "ni ile ile niliyoisikia tangu mwanzo."

Bwana Taratibu akatokea nyuma yake. "Ulisikia harufu tangu mwanzo?"

"Pale mlangoni, ndiyo. Kidogo."

"Na ulikuwa na njiti mkononi."

"Shangazi alikuwa ameshasema salama, bwana mkuu. Nikajua ni mimi mwenye kasoro. Nilipanga kwenda kupimwa pua baada ya kazi."

Bwana Taratibu alisimama akifikiri. Alifikiri taratibu, lakini alifika, ila alifika mahali pabaya.

"Fundi. Umetuambia gesi hii haina harufu. Inanuka. Na Shangazi hakuisikia, maana yake alipochungulia haikuwepo. Sasa gesi iliyokuja baada ya Shangazi imetoka wapi?" Akakinyooshea kidole kile kichupa cha kupimia. "Imetoka humo. Umeileta mwenyewe, ukaipuliza mbele ya macho yetu, ili tuogope, tukubali vidude vyako."

"Gesi ya kichupa hiki haiwezi hata kumpigisha chafya mbu! Na huo mpira hapo chini uliochomoka?"

"Nani amekuwa chini hapo, kama si wewe?"

Bisibisi alitazama huku na huku. Palikuwa na mtu mmoja tu wa kumwokoa, naye alihitaji maneno mawili: sisikii harufu. Alimngoja.

Shangazi alitazama viatu vyake.

Iliuma, wapenzi. Msidhani haikuuma kwa kuwa mwanamke yule ni mkavu. Alikuwa amemlinda kwa uongo, na uongo ule ule sasa ndio uliomkaba shingo, na aliyemlinda alikuwa anahesabu kamba za viatu. Bisibisi alitoa kiberiti na glavu mfukoni, akamkabidhi Kiberiti. Akarudi ukumbini, akaanza kutia koleo na waya mkobani, kimoja kimoja.

"Nikuitie mumeo akubebee vitu?" akasema Bwana Taratibu, ambaye katika kufukuza watu hana ukali hata kidogo. "Yupo. Tangu asubuhi anapakia kreti za sampuli chumba cha baridi. Shangazi alishakifungua hicho mapema kabisa."

Shangazi aliinua kichwa.

Alikuwa amewafuata ukumbini, amesimama karibu na paneli. Pua yake ilikufa, lakini macho yake ni mazima, na yalikuwa yametua kwenye kitaa kidogo chekundu. Kilikuwa kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika, bila mlio, kwa adabu.

"Hiki ni cha wapi?" akauliza.

Bisibisi aligeuka. Koleo likamponyoka.

"Chumba cha baridi."

"Hicho nacho kibovu," akasema Bwana Taratibu. "Shangazi alishasema sala—"

"Sisikii harufu!"

Sijui nitumie herufi za ukubwa gani ili mwisikie. Tangu Bwana Taratibu ashike ofisi, ukumbi ule haukuwahi kubeba sauti namna hiyo. Chupa zilitetemeka kabatini.

"Sisikii harufu, jamani! Tangu yale mafua! Sisikii moshi, sisikii kitunguu, sisikii kitu! Nimewadanganya nyote kila asubuhi! Fundi hana kosa, mimi ndiye mwenye kosa! Mwanangu yuko mle ndani, na mimi ndiye niliyesema salama!"

Kiberiti alikaa chini kama mtu aliyeambiwa hakuna Mungu.

Sasa niwaambie jambo ambalo Bisibisi alilijua pale pale, na kwa huruma hakulitamka. Katika chumba cha baridi hakuna gesi ya jiko. Kuna naitrojeni, ile ya kugandishia sampuli. Haina sumu, haina rangi, na haina harufu. Inachofanya ni kuifukuza hewa, na mtu analala usingizi bila kujua kwamba amelala. Pua ya Shangazi ingekuwa hai kama ya msichana, bado angesema salama. Alikuwa ameitupa heshima yake yote mbele ya watu kwa gesi ambayo kweli hakuna pua duniani inayoweza kuikamata. Uongo wa Bisibisi ulikuwa umegeuka kweli, chumba cha pili.

Walikimbia. Mlango wa chumba cha baridi ni mzito na hujifunga wenyewe. Una kioo kidogo, na kioo kilikuwa kimejaa ukungu upande wa ndani. Bisibisi alipachika jicho. Aliona troli. Aliona kreti zimepangwa nusu. Chini ya troli, sakafuni, aliona kofia.

Mwenye kofia hakuonekana.

"Mume wangu!" Akagonga kioo kwa ngumi. Hakuna aliyejibu.

Shangazi alikuwa ameshashika kitasa.

"Mama, hapana! Humo hakuna hewa. Ukiingia unaanguka, na atakayekufuata anaanguka juu yako. Hakuna kuingia mpaka nitoe hiyo gesi kwa feni."

"Ni mwanangu."

"Na kwangu mimi ni nani? Ni mume wangu! Nakuomba, mama!"

Feni ingekuwa imeshawaka yenyewe, kama kile kidude cha zamani kingekuwa bado ukutani. Bisibisi alijua hilo, na hakuwa na muda wa kujilaumu. Swichi ya kuiwasha kwa mkono iko kule kule kwenye paneli.

"Kiberiti, fungua mlango wa uani, na madirisha yote! Bwana mkuu, mshike Shangazi! Usimwachie!"

Akakimbia.

Bwana Taratibu alimshika Shangazi. Hakuna wa kumlaumu kwamba hakumshika. Ila alimshika kama anavyoshika kila kitu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Shangazi alimtazama usoni, bila hasira. "Mkuu," akasema, "vyumba vyote hivi, nani huingia wa kwanza?"

"Wewe, Shangazi."

"Basi niache niingie."

Akavuta pumzi kifua kizima, akaibana, akajipokonya, akavuta ule mlango mzito kwa mikono miwili. Mvuke mweupe ulimwagika miguuni mwao. Bwana Taratibu alibaki ameshika shali ya Shangazi. Mlango ukajifunga.

Bisibisi alibonyeza swichi, feni ikaanza kunguruma. Aligeuka, akaona shali. Akaona mkono ulioishika.

Na wakati huo huo mlango wa uani ulifunguliwa, Kiberiti akiuvuta kwa ndani. Pale kizingitini alikuwa amesimama mtu, kichwa wazi, kikombe cha chai mkono wa kulia, amekifunika na kisahani ili isipoe.

"Nilikuwa nimeziacha kreti nusu, nimeenda kumchukulia mama chai yake," akasema Dereva. "Hivi kofia yangu nimeisahau humo ndani? Na mbona mnanitazama hivyo? Mama yuko wapi?"

Nyuma ya kioo chenye ukungu, kitu kizito kilianguka sakafuni.